Nimepewa ndoo kwenye mashindano ya papa

SWALI: Shikamoo mjomba. Mimi ni muuguzi, mzaliwa wa Pangani, na huu ni mwaka wangu wa sita New Jersey. Wenzangu wawili wa kazini wana boti ya futi 31. Mwezi wa sita wanaingia mashindano ya kuvua papa, siku mbili, kutokea Manasquan. Mtu wao wa nne amevunjika mkono, wakaniomba niingie mimi kwa kuwa nilishawasimulia jinsi marehemu babu alivyokuwa akivua papa kwa jarife. Sasa naambiwa kazi yangu ni "ndoo". Nimecheka, ila moyoni naona wamenidharau. Huyo mtu wa ndoo anafanya nini hasa? Nitajuaje kama hawa watu wanajua wanachokifanya? Nimeshachanga dola 300, na wanataka niongeze 200 za kitu kinaitwa Kalkata. Mume wangu anasema hiyo ni kamari tupu. Na mama kule nyumbani ameshaagiza papa mkavu, wifi naye anasema tukipata mkubwa tumkaushe tuwauzie watu wetu wa huku.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nimecheka pale ulipolifungia neno ndoo kwenye alama kama kitu kinachonuka. Kitanuka kweli, hilo nitakuja nalo. Lakini hawajakudharau. Au labda wamekudharau bila kujua, maana boti nyingi humpa mgeni ndoo wakidhani wamemweka mahali asipoweza kuharibu kitu. Nimetoka na boti za kukodi za pwani hii, kuanzia Montauk mpaka Cape May, kwa miaka 19, na mashindano niliyoyaona yakipotelea kwenye ndoo ni mengi kuliko yaliyopotelea kwenye fimbo ya kuvulia.

Babu yako alitega jarife jioni, alfajiri akaenda kulitazama. Papa alijileta mwenyewe kwa njia zake. Huku hakuna wavu. Mnakwenda maili 20 au 30 kutoka ufukoni, injini inazimwa, boti inaachwa isukumwe na upepo, na papa inabidi aitwe. Kinachomwita ni uji wa samaki. Wanamtumia samaki mmoja mwenye mafuta mengi, jamaa wa dagaa, wanamwita banka. Husagwa mzima mzima na matumbo yake, akagandishwa kwenye ndoo ya galoni 5. Ndoo hutobolewa matundu, hufungwa kamba na kuning'inizwa ubavuni, nusu ndani ya maji. Barafu inayeyuka kidogo kidogo na mafuta yanatoka. Boti ikisogea inaacha nyuma yake njia ya mafuta juu ya bahari, na chini ya njia hiyo vipande vya nyama vinashuka taratibu. Papa anayekatiza mahali popote kwenye njia ile anaipata harufu na kuanza kuifuata kuelekea kwenu. Anaweza kuwa maili mbili nyuma, na akatumia saa nzima kufika.

Ndoo ile ya kuning'inia inajiendesha, ila haitoshi. Ndiyo maana kuna ndoo ya pili, iliyoyeyuka, na upawa, na wewe. Nusu upawa kila dakika, saa saba mfululizo. Usimwage mwingi. Papa akishiba nyuma kule hana sababu ya kuja kuangalia chambo chenye ndoana. Wewe unamnusisha tu. Na usiache. Piga hesabu: boti ikisukumwa maili moja ya bahari kwa saa, dakika kumi za usingizi zinaacha pengo la mita 300. Aliyekuwa anafuata akifika kwenye pengo hilo huzunguka, anatafuta, halafu anakwenda zake. Hamtajua kama alikuwepo.

Nikueleze saa nne ya asubuhi inavyokuwa, kwa sababu hiyo ndiyo saa ya hatari. Mmeamka saa nane usiku. Mmepita mlango wa Manasquan gizani, mkaenda mwendo wa kasi saa nzima na zaidi mkigongwagongwa na mawimbi. Saa moja mmeruhusiwa kutia mishipi majini, na tangu hapo hakuna kilichotokea. Jua limepanda. Boti imelala ubavu kwa mawimbi na inayumba, ule myumbo wa pembeni unaokoroga tumbo. Nahodha amejiegemeza kwenye usukani macho nusu. Mwingine amelala juu ya sanduku la barafu na kofia usoni. Mikono yako ina magamba mpaka kwenye viwiko, na ile harufu, mwanangu, ni ya dagaa aliyesahauliwa kwenye mfuko wa plastiki siku tatu ndani ya gari. Kuna vindege vidogo vyeusi vyenye kiuno cheupe, vimefika bila kualikwa, vinapapasa maji kwa miguu kama vinatembea juu ya mafuta. Vitazame hivyo. Vikiwa vimejipanga mstari mrefu unaonyooka nyuma ya boti, njia yako ni nzima. Vikitawanyika huku na huku, njia imekatika au upepo umegeuka, na mwambie nahodha hata kama amelala.

Hiyo ndiyo kazi. Wa ndoo ndiye jicho la boti. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kumwona papa, kivuli cha rangi ya kahawia au buluu kikipita chini ya mafuta bila haraka.

Kuhusu mishipi, utaona wanafunga maputo ya watoto, ya rangi, kama wanakwenda sherehe ya kuzaliwa. Puto hushikilia chambo kwenye kina mlichochagua, na hupasuka au huachia samaki akivuta. Boti nyingi hutia mishipi mitatu: wa mbali unashuka chini zaidi, futi 80 hivi, wa kati futi 50, wa karibu futi 20 au 30, kwa sababu uji wako unazidi kuzama kadiri unavyoachwa nyuma, na chambo kinapaswa kukaa ndani ya mteremko ule. Chambo ni makrili, jamaa wa vibua wetu, au minofu ya samaki mkubwa zaidi. Mahali pa kusimama huchaguliwa kwa joto la maji na kina. Nahodha mzuri utamsikia anazungumza habari za pima 20 na pima 30, na kutafuta ukingo ambapo maji yanabadilika digrii mbili tatu ghafla. Akiendesha mpaka zilipo boti nyingi na kusimama katikati yao, hesabu hiyo kama alama moja ya kumtilia shaka.

Nije kwenye swali lako la pili, maana hilo ndilo zito. Utawajua kwa wanavyozungumzia samaki wa kuachilia.

Zamani mashindano haya yalikuwa ya mako. Huyo ni papa mwenye mgongo wa buluu iliyokoza, pua kama mkuki, meno yanaonekana hata akifunga mdomo, na akinaswa anaruka hewani mpaka watu wanapiga mayowe. Idadi yake imeporomoka katika Atlantiki ya kaskazini. Jike hakomai kuzaa mpaka afikie miaka 18 au zaidi, kwa hiyo kila jike kubwa lililoning'inizwa kwenye mizani lilikuwa limeishi maisha marefu kuliko boti iliyolivua. Tume ya kimataifa ya jodari wa Atlantiki, ICCAT, ilikubaliana kumzuia mwishoni mwa 2021, na tangu tarehe 5 Julai 2022 serikali ya Marekani imezuia kumchukua kabisa. Akija, hata akiwa amekufa kwenye ndoana, anarudi majini. Ukimsikia yeyote kwenye boti yenu anasema "tukipata mako tutaona", shuka, wape mia tatu zako, ulale nyumbani.

Siku hizi boti zinazowinda mizani zinamtafuta zaidi thresha, yule papa mwenye mkia mrefu unaokaribia kuwa nusu ya urefu wake wote. Na hapo napo pana mtego. Wako wa aina mbili. Wa kawaida anaruhusiwa; mwenye macho makubwa haruhusiwi. Huyu wa pili macho yake yamepanda juu karibu na utosi, na kichwani ana mfereji kila upande kama amevaa kofia ya chuma. Wa kawaida ana jicho dogo pembeni, na weupe wa tumbo umepanda ubavuni mpaka juu ya shina la pezi la mbele. Papa mweupe amepigwa marufuku tangu 1997. Na wapo wale wa kijivu ambao hata mabaharia wazoefu huwachanganya. Kwa hao, angalia mgongoni kati ya pezi la kwanza na la pili. Ukiona ukingo wa ngozi ulioinuka kama mshono, mwachilieni tu msipoteze muda kubishana. Watu wa NOAA, idara ya serikali inayosimamia uvuvi wa bahari, wana msemo wao: kama humjui, mwache aende.

Anayeruhusiwa ni mmoja tu kwa boti kwa safari, na lazima awe na inchi 54 kutoka ncha ya pua hadi panda ya mkia (mkia wenyewe hauhesabiwi). Hicho ni kima cha sheria. Mashindano huwa na kima chake cha uzito, kikubwa zaidi. Omba kanuni zao kwa maandishi na kanuni za serikali za mwaka huu, uzisome wewe mwenyewe. Izoee kidogo lugha yao ya kisheria, haipiti ya fomu za hospitali.

Sasa waulize mambo haya, kwa upole, kama mgeni anayejifunza. Boti ina kibali cha serikali kuu cha samaki wahamaji, na kibali hicho kina nyongeza ya papa? Nyongeza hiyo mwenye boti huipata baada ya kutazama video na kujibu maswali, haina shida, lakini wapo wanaosahau. Ndoana zao ni za duara, za chuma kinachoshika kutu? Kwa papa anayevuliwa kwa chambo hiyo ni sheria tangu 2018 huku kwenu, na tangu 2019 hadi kaskazini kote. Mkasi mkubwa wa kukatia waya, ule unaounganisha mshipi na ndoana, uko wapi? Mtu anayeachilia papa anajua mkasi wake ulipo hata gizani. Boti ya kujiokolea ilikaguliwa lini, na kile kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kimesajiliwa? Wakijibu haraka bila kukasirika, nenda nao.

Ndoana ya duara inahitaji maelezo, kwa sababu damu yako ya Pangani itakudanganya. Sisi tumefundishwa kwamba samaki akigusa unagutua mshipi kwa nguvu. Ukifanya hivyo kwa ndoana hii umemchomoa mdomoni mwenyewe. Achia avute, hesabu kimoyomoyo, halafu breki ya rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, inakazwa pole pole na mshipi unajinyoosha. Ndoana inateleza mpaka kwenye kona ya taya na kujifunga yenyewe. Papa aliyenaswa kona ya mdomo unaweza kumwachilia akiwa mzima. Aliyemeza hadi tumboni, hata ukimwachilia, umemwachilia nusu.

Anaponasa, boti inaamka kama nyumba iliyoshika moto. Yule aliyeishika fimbo ndiye peke yake. Mashindano mengi yanafuata kanuni za IGFA, shirika la kimataifa la uvuvi wa michezo, na mtu mwingine akigusa fimbo au rili samaki huyo hahesabiwi. Hata kumshika mwenzako fimbo iliyokuwa inamponyoka, kwa huruma tu, mmeshakosa. Wengine wanakunja mishipi iliyobaki haraka. Na wewe unafanya jambo ambalo wengi hawalifikirii: ile ndoo ya kuning'inia unaifungua, unaifunga kwenye boya au puto kubwa, unaiachia ielee huku nahodha akibonyeza alama ya mahali kwenye GPS. Papa huenda akawavuta maili mbili. Mkirudi, njia yenu bado ipo, imeendelea kutiririka bila ninyi, na pengine kuna mwenzake anawasubiri hapo. Niliwahi kuwa kwenye boti ambayo samaki wake wa mizani alikuwa yule wa pili, aliyekuwa akizunguka ndoo iliyoachwa peke yake.

Akifika karibu na boti, rudi nyuma. Sisemi hivi kwa sababu wewe ni mwanamke. Namwambia kila mgeni. Anayeshika waya awe mmoja na awe amevaa glavu. Asiuzungushe mkononi kama kamba ya ng'ombe, maana papa akizama ghafla anazama naye. Kidole changu cha shahada, mkono wa kushoto, hakikunjiki tangu mwaka wa tatu wa kazi hii, na waya wenyewe nilikuwa nimeuzungushia kidoleni nusu tu. Thresha ana silaha nyingine, ule mkia. Huutumia kuwapiga samaki wadogo mpaka wanazimia ndipo anawala, na akiwa ubavuni mwa boti anaendelea kuutumia bila kuuliza jina. Papa hai hapandishwi ndani. Kama mmeamua kumchukua, anafungwa kamba ya mkia na kubaki nje ya boti hadi nguvu zote zimwishe. Wewe ni muuguzi: beba mkanda wa kukazia jeraha la damu nyingi, uweke mahali unapoweza kuufikia kwa mkono mmoja, na waoneshe wote watatu ulipo.

Kama mnamwachilia, hapo ndipo utawashinda wote kwa manufaa. Mashindano mengi sasa yana kundi la kuachilia lenye alama zake, na ushahidi wake ni video. Asitolewe majini. Mmoja anashika waya, mmoja anapiga picha ndoana ikionekana na waya ukikatwa karibu nayo, na wewe unaandika: saa, mahali, urefu wa kukadiria, jike au dume. Dume ana vijiti viwili vinavyoning'inia chini nyuma ya tumbo, huwezi kuvikosa. Kama boti ina alama za NOAA, kijimshale kidogo chenye namba huchomekwa chini ya pezi la mgongoni, na kadi yake inapelekwa kwa wanasayansi wao wa Narragansett. Mpango huo unategemea wavuvi wa kujitolea tangu 1962, na kwa njia hiyo ndiyo tulijua kwamba papa wa buluu (aina nyingine, si mako) wanaoachiwa mbele ya New Jersey huvuka Atlantiki nzima.

Unaweza kuniuliza mimi nasimama wapi. Nilianza kazi wakati bado watu wa Montauk wanasimulia habari za Frank Mundus, aliyeshiriki kumvua papa mweupe wa ratili 3,427 kwa fimbo mwaka 1986, karibu na mzoga wa nyangumi. Uzeeni mzee yule yule alikuwa akihubiri ndoana ya duara na kuachilia. Mimi sikungoja uzee. Mwaka mmoja nahodha wangu alimkadiria thresha kuwa ratili 220, nami nikaitikia kwa sababu nilitaka awe hivyo. Kima cha mashindano kilikuwa 200. Kwenye mizani, watoto wakitazama, sindano ilisimama kwenye 187. Tukamshusha, hana zawadi, ameshakufa. Tangu siku hiyo, kwenye boti nitakayokuwepo, samaki asiyekuwa mkubwa bila ubishi anakatiwa waya. Kama watu wawili wanabishana kuhusu ukubwa wake, basi si mkubwa.

Saa nayo ina ukali wake. Mwaka 2005, katika mashindano ya Oak Bluffs kwenye kisiwa cha Martha's Vineyard, boti moja ilirudi na papa chui wa ratili 1,191, mkubwa kuliko wote, ikaondolewa kwa kuchelewa dakika chache. Kwa hiyo mwanzoni mwa siku mjue saa ya kuondoa mishipi, saa ya kuvuka mlango, na mwendo wa boti ikiwa na mzoga mkubwa na upepo wa usoni. Juni ina ukungu mzito huku, hewa ya joto inapokutana na maji baridi, na ukungu hauendeshwi kwa kasi. Na saa ya kuanza ni ile ile kwa wote. Kwenye mashindano ya sulisuli ya Ocean City, Maryland, mwaka 2016, zawadi ya dola milioni 2.8 ilizuiwa baada ya mshindi kushindwa kipimo cha uongo. Kesi ikaenda mahakamani, na 2017 jaji akaamua asilipwe, hoja kubwa ikiwa mishipi iliyotiwa majini kabla ya saa iliyoruhusiwa. Ndiyo, wanawafunga washindi mashine ya kupima uongo. Mkishinda mnaweza kuulizwa wote, pamoja na wa ndoo. Wewe andika saa zote kwenye daftari lako, utajibu ukiwa umetulia.

Kalkata, sasa. Jina limetoka India, enzi za Waingereza. Ni kapu la pembeni: boti zinazotaka zinatia fedha, na kapu lote, likishakatwa asilimia ya waandaaji, linakwenda kwa boti zenye samaki mkubwa miongoni mwa zilizotia. Haifanani na upatu, maana kwenye upatu zamu yako itafika. Hapa wengi hawapati hata senti. Mimi si shehe, swali la halali muulizeni mwenye elimu. Ila mume wako hajakosea kuona kinachoonekana, na mwambie pia kwamba hata kwenye ada ya kuingia sehemu kubwa hurudi kama zawadi, asije akashangaa baadaye. Mimi mwenyewe sijawahi kutia. Ukikataa, kataa mapema; ukikubali, yaandikwe kwenye karatasi: boti inatia kiasi gani, nani anachangia, likiingia linagawanywaje, na kodi anabeba nani. Nimeona marafiki wa miaka 15 wakiacha kusalimiana kwa kapu walilolishinda. Walioshindwa hurudi nyumbani wanacheka.

Mambo madogo yaliyobaki: dawa ya kichefuchefu imeze usiku wa kuamkia, na nyingine alfajiri, ukishaanza kutapika haisaidii. Tangawizi kavu mfukoni. Simu usiisome, tazama upeo. Mtandio mrefu uache garini, vaa ule wa kubana wa michezo, maana rili inayokimbia hushika chochote kinachopepea. Nguo utakazovaa zitafuliwa peke yake mara tatu. Choo kipo, chini mbele, kidogo kama kabati; ulizia kinavyopigwa pampu mngali bandarini.

Na mama yako. Kuuza haiwezekani, mwanangu: papa aliyevuliwa kwa kibali cha michezo hauzwi, awe mbichi au mkavu, kwa Mswahili au kwa yeyote, na faini yake itamfanya wifi asahau njia ya kuja kwako. Kula na kugawia ndugu ni ruhusa. Mpaka mfike nchi kavu lazima awe na kichwa, mkia na mapezi yake yote mwilini, kwa hiyo asianze mtu kukata kata baharini. Kutoa matumbo inaruhusiwa, na kufanyike mapema, kwa mashindano yanayokubali hivyo: papa ana urea, ile taka ya mkojo, ndani ya damu na nyama, na akikaa na joto inageuka ile harufu ya amonia unayoijua sokoni. Atolewe damu, ajazwe barafu tumboni. Thresha nyama yake ni nzuri, nyeupe yenye wekundu kidogo. Papa wa buluu simshauri mtu. Wajawazito na watoto wadogo wasile, kwa ajili ya zebaki, na hilo unalijua kazini kuliko mimi.

Kumkausha kwa jua la Jersey nilijaribu mara mbili, yote mawili nikashindwa na unyevu, na jirani akapiga simu manispaa. Kinachofaulu ni hivi: pasua vipande vyembamba kama kidole, chumvi ya mawe kwa wingi siku mbili ndani ya friji huku ukimwaga maji yanayojitoa, suuza, futa, halafu oveni ya joto la chini kabisa mlango ukiwa wazi kidogo kwa kijiko cha mbao, kwa muda wa saa nane hadi kumi. Fungua madirisha. Kupeleka nyumbani kwa sanduku la ndege kunahitaji vibali usivyotaka kuvianza, kwa hiyo mpigie mama kwa video ukimpika na nazi, umwoneshe sufuria.